Nyumbani wanajua nasomea udaktari Ujerumani

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 21, mzaliwa wa Kaunti ya Kilifi, kifungua mimba kwa wazazi wangu. Nyuma yangu wako wanne. Nakuandikia kutoka kijiji kilicho karibu na mji wa Kassel, Ujerumani, ambako nimeishi miezi minane sasa. Naomba jina langu lisitokee popote.

Mtihani wa kidato cha nne, KCSE, nilifanya 2022 nikapata B, ile ya katikati isiyo na kujumlisha wala kutoa. Biolojia B+, Kemia B, Hisabati B-. Shule yetu ni ya kutwa, na mwaka huo hakuna msichana aliyenipita. KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo, wakanipangia ualimu wa sayansi katika chuo kimoja huko bara. Mimi nilifurahi. Baba hakufurahi. Alisema mtoto mwenye B hawezi kwenda kushika chaki, na wakati huo tayari alikuwa ameonana na wakala mmoja wa Mombasa aliyemwambia kwamba Ujerumani vyuo vikuu ni bure na mwenye C+ anaingia.

Mpango wa wakala ulikuwa hivi: nisome Kijerumani cha mwanzo, niende kama au pair, yaani nikae na familia nikiwasaidia kulea watoto, halafu baada ya miezi mitatu "nihamie chuoni". Tulimlipa shilingi 320,000. Ng'ombe wawili walitoka, na harambee ikafanyika kwenye uwanja wa kanisa. MCA, mwakilishi wa wadi yetu, alituma mtu na elfu kumi. Mchungaji akanisimamisha mbele ya watu akasema, "Huyu ndiye daktari wetu." Wanawake wakapiga vigelegele. Tangu siku hiyo pale kijijini siitwi kwa jina langu. Naitwa Daktari, hata na watoto.

Familia ninayokaa nayo sina neno baya juu yao. Nafanya kazi saa thelathini kwa wiki, nina chumba changu, nakula nao, na kila mwezi wananipa euro 280 za mfukoni. Nawaangalia watoto wawili, wa miaka minne na saba. Dada yao mkubwa ana miaka 18 na anajiandaa kwa Abitur, mtihani wao wa kumaliza shule. Mama yake baba mwenye nyumba, wanayemwita Oma, anakaa chumba cha chini. Alipata kiharusi na mkono wake wa kushoto haushiki. Kumsaidia hakumo kwenye mkataba wangu, lakini jioni huwa nashuka kumfunga vifungo vya gauni la kulalia. Cha juu huanza nacho mwenyewe, mimi nangoja. Siku alipokifunga bila msaada tulicheka mpaka mkwewe akashuka kuuliza kumetokea nini.

Mwezi wa saba nilipata cheti cha Kijerumani cha B1, ngazi ya tatu kati ya sita, na wiki hiyo hiyo nikatuma maombi ya udaktari. Jibu lilikuja Septemba, kurasa mbili. Cheti changu cha KCSE hakiniruhusu kuingia chuo kikuu moja kwa moja, njia yangu ni Studienkolleg. Neno lenyewe sikulijua. Yule msichana alinieleza tukiwa mezani jikoni kwamba ni shule ya mwaka mmoja kabla ya chuo, kwa wageni. Alisema kwa upole, lakini mbele yake kulikuwa na vitabu vyake vya Abitur, na mimi niliona aibu. Yeye amesoma miaka 13, mimi 12. Msichana wa kwanza wa shule yangu, na huku nimefeli hata kabla ya kuanza.

Siku mbili baadaye baba alipiga. Simu aliiweka spika, nikasikia wazee wakikohoa. Akauliza, "Umeanza?" Nikasema, "Nimeanza, baba."

Kutoka hapo mambo yakajiendesha yenyewe. Mama aliomba picha. Nilipanda basi hadi Kassel nikapigwa picha mbele ya chuo kikuu nikiwa na begi la kuazima, na mama ameifanya kuwa picha yake ya WhatsApp. Chuo hicho, Shangazi, hata kitivo cha udaktari hakina. Nimekuja kujua baadaye.

Huenda ningeweza kuendelea hivi mpaka nipate njia. Lakini mdogo wangu anafanya KCSE mwaka huu, na baba ameamua kuuza nusu ya shamba la minazi ampeleke kwa wakala yule yule. Mnunuzi ameshakuja kulipima kwa hatua, na watakutana tena mwezi ujao. Baba anawaambia watu, "Mmoja ameingia, wa pili hashindwi." Ushahidi wake ni mimi.

Kibali changu cha ukaazi kinaisha Februari. Rafiki yangu Mkenya aliye Hamburg ananiambia niachane na chuo nitafute Ausbildung ya uuguzi, yaani mafunzo ya kazi, kwa sababu inalipa. Nikifanya hivyo nitawaambia nini waliochanga? Nikirudi nitapitia barabara ipi hadi nyumbani? Nikisema ukweli nitamuua baba, ana presha. Nisiposema, shamba litakwenda. Silali vizuri. Nisaidie.

Daktari wa uongo

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na nimebadilisha mambo mawili matatu ili hata mtu wa nyumbani akikutana nayo asikutambue. Ila jina ulilojipa mwishoni nimeliacha jinsi lilivyo, kwa sababu nataka tulirudie.

Nikikuelewa vizuri, una mafundo mawili yaliyofungwa kwa kamba moja. La kwanza ni la vyeti: ulidhani KCSE itakufungulia chuo kikuu cha Ujerumani, haikufungua, na sasa hujui ushike njia gani kabla ya Februari. La pili ni lile neno "Nimeanza", ambalo ulipolisema halikumgharimu mtu chochote na leo bei yake ni nusu shamba la minazi. Umeyashika yote mawili kwa pamoja ndiyo maana kila ukivuta huku, kule kunakaza. Niruhusu niyatenganishe.

Nianze na vyeti, kwa kuwa nadhani hapo kuna kitu umekisoma vibaya na kimekuumiza bure.

Umesema umefeli. Nani amekwambia? Ile barua ya kurasa mbili haikusema hivyo. Wajerumani wanapokishika cheti cha mgeni hawaanzi na gredi. Wanauliza cheti hiki huko kilikotoka kinampeleka mtu wapi, baada ya miaka mingapi ya shule, na kwa masomo gani. Majibu wameyaweka kwenye hazina yao ya data iitwayo anabin, nchi kwa nchi, mtihani kwa mtihani, na mtu yeyote anaweza kuifungua bila kulipa senti. Wakala wenu angeweza kuifungua.

Sasa tazama hesabu yenyewe. Mwanafunzi wa mfumo wetu wa 8-4-4 anasoma miaka 12 kisha chuo kikuu miaka minne. Mjerumani anasoma 12 au 13, kisha shahada ya kwanza kwa kawaida ni miaka mitatu. Maana yake sehemu ya kazi ambayo sisi tunaifanya mwaka wa kwanza wa chuo, wao wanaimaliza wakiwa bado na mikoba ya shule. Na Abitur si mtihani wa msimu mmoja kama wetu, ambapo mtoto akiugua malaria Novemba basi miaka minne imekwenda na maji. Ina alama 900, na kati ya hizo 600 zinatokana na kazi ya darasani ya miaka miwili ya mwisho. Huyo binti wa mezani anavuna alichopanda tangu mwaka juzi. Hata mwenzako aliyepata A safi Kenya, akienda na KCSE peke yake, kwa kawaida ataelekezwa huko huko Studienkolleg. Majirani zetu wa Tanzania na Uganda wana habari nyingine kidogo kwa sababu wana Kidato cha Sita, na vyeti vyao vinapimwa kwa masomo waliyochukua ngazi ya juu. Sisi tulikuwa nacho pia, mpaka 8-4-4 ilipokifuta. Wale wazee waliokuwa wakikohoa kwenye simu, wengine wao wanakikumbuka vizuri.

Kwa hiyo B yako haijakataliwa. Imeambiwa ipande ngazi moja kabla ya kuingia ukumbini. Najua kwako leo tofauti hiyo inaweza kuonekana ya maneno tu. Lakini mtu aliyefeli na mtu aliyebakiza mwaka mmoja hawapangi mambo kwa namna moja, na wewe umekuwa ukipanga kama aliyefeli.

Tuiangalie hiyo Studienkolleg kwa macho makavu. Ni mihula miwili, yaani mwaka. Kwa anayetaka udaktari, famasia au biolojia kuna mkondo unaoitwa M: biolojia, kemia, fizikia, hisabati na Kijerumani. Kwanza unafanya mtihani wa kuingia, wa Kijerumani na mara nyingi hisabati, na B1 yako kwa vyuo vingi ndiyo kizingiti cha chini kabisa, vingine vinataka B2. Mwisho wa mwaka kuna mtihani uitwao Feststellungsprüfung, na ukikwama unaruhusiwa kuurudia mara moja. Alama zake zinachanganywa na za KCSE yako iliyogeuzwa kuwa ya Kijerumani, ambako 1.0 ndiyo juu kabisa na 4.0 ndiyo ya mwisho ya kupita. (Siku utakayopewa 1.8, umweleze mama kabla hajaanza kulia.)

Studienkolleg za serikali hazitozi karo, unalipa mchango wa muhula tu. Za binafsi hutoza, na baadhi hutoza maelfu ya euro. Si kila jimbo lina za serikali. Nordrhein-Westfalen, jimbo lenye watu wengi kuliko yote, lilizifunga zake. Maombi hupitia chuo kikuu, mara nyingi kwa njia ya uni-assist, ofisi inayokagua vyeti vya wageni kwa niaba ya vyuo, ambao hulipwa euro 75 kwa ombi la kwanza na 30 kwa kila linalofuata katika muhula huo huo. Kwa muhula wa kiangazi tarehe ya mwisho inayozoeleka ni 15 Januari, lakini wengine hufunga mapema, kwa hiyo tazama kila chuo peke yake. Usitume kumi ili bahati ikuokote. Tuma mawili au matatu uliyoyasoma masharti yake hadi mstari wa mwisho.

Sasa yale ambayo hayapendezi. Udaktari Ujerumani ni nafasi za kugombaniwa nchi nzima, hata kwa wenyeji. Kwa wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya hutengwa takriban nafasi tano katika kila mia, na Kijerumani kinachotakiwa kwa kawaida ni C1. Unaweza kumaliza mkondo wa M vizuri na bado usiupate. Hutatoka mikono mitupu, maana mkondo huo unafungua masomo mengine ya uhai na afya, lakini usianze safari hiyo ukimwahidi mtu koti jeupe. Halafu kuna pesa. Chuo kuwa bure hakumaanishi maisha ni bure. Mwanafunzi wa kigeni anatakiwa kuonyesha uwezo wa kujikimu, na wengi hufanya hivyo kwa akaunti iliyofungwa, ambayo kiwango chake kimekuwa euro 11,904 kwa mwaka, zikitolewa 992 kila mwezi. Kwa shilingi zetu hiyo ni zaidi ya milioni moja na nusu. Njia nyingine ni mtu anayeishi huko akudhamini mbele ya ofisi ya wageni. Pengine familia yako ingekubali, nawe pengine umeshawaza kuwaomba. Fikiri kwanza. Udhamini huo ni deni la kisheria, na watu mnaokula meza moja wakianza kudaiana, chakula hubadilika ladha.

Ushauri wa rafiki yako wa Hamburg usiutupe kwa sababu tu umekuja na neno "inalipa". Ausbildung ya uuguzi ni miaka mitatu, nusu darasani nusu wodini, na mshahara wa mwanafunzi mara nyingi hupita euro 1,000 kwa mwezi kabla ya makato, kwa hiyo suala la akaunti iliyofungwa kwa kawaida halipo. KCSE yako huko haikwami kama inavyokwama chuo kikuu, ila lazima itambuliwe rasmi, na Kijerumani kwa kawaida wanataka B2. Hatari yake ni kwamba ni kazi ngumu ya zamu, mgongo unauma, na baadhi ya wanaoiingia kwa sababu ya mshahara peke yake huishia njiani. Jambo moja ambalo huenda hukuambiwa: mtu aliyemaliza Ausbildung na kufanya kazi hiyo miaka mitatu, majimbo ya Ujerumani yanaweza kumruhusu kuomba chuo kikuu katika fani inayohusiana nayo bila Abitur, kwa masharti ya jimbo. Ni njia ndefu. Lakini mlango ule ule uliofungwa mbele yako una mwingine kwa nyuma, na wenyeji hupita hapo kila mwaka.

Kati ya hizo mbili kuna mwaka wa kujitolea, FSJ, hospitalini au kwenye nyumba ya wazee, kwa posho ndogo. Haukupi cheti kikubwa. Unakupa muda, lugha na jibu la swali kwamba kazi ya wagonjwa unaiweza au unaipenda kwa mbali tu. Lolote utakalochagua, nenda ofisi ya wageni ukaulize namna ya kubadilisha kibali wakati hicho ulicho nacho bado kiko hai. Usingoje Januari iishe. Kubadilisha aina ya kibali ukiwa ndani si jambo la mtu kujipangia kama alivyosema wakala wenu na "miezi mitatu" yake.

Na kurudi nyumbani? Umeandika kana kwamba njia hiyo ni aibu tupu. Mkenya aliyekwisha soma kwa muda chuo kikuu kinachotambulika anapimwa tofauti na mwenye KCSE mkononi peke yake, na anaweza kuingia moja kwa moja katika fani ile ile aliyoanza. Anabin inaeleza muda gani na kwa masharti gani. Watu wamepitia hapo: wakaanza Eldoret au Maseno, wakaenda Ujerumani na alama zao za chuo. Utarudi na B1, pengine B2, lugha ambayo Kilifi nzima hawaifikii watu wengi. Gharama yake ni macho ya watu barabarani, na sitakudanganya kuwa ni ndogo. Barabara ya kijijini ni ndefu kuliko ya kutoka uwanja wa ndege.

Kabla hujapima hizo njia kwa kilo, kuna kitu nimekiona kwenye barua yako nataka nikuulize. Safari hii imepangwa na baba na wakala, na jina "Daktari" umepewa na mchungaji. Wewe mwenyewe hukuandika hata mara moja kwamba unautaka. Ulipopangiwa ualimu uliandika maneno mawili: "Mimi nilifurahi." Na mahali pekee ambapo mtu amecheka katika barua yote ni chumbani kwa Oma, kwenye kifungo. Huenda nimesoma kupita kiasi, na mtu anaweza kuutaka udaktari sana mpaka asione haja ya kuusema. Lakini jiulize siku utakapokuwa peke yako: kama kusingekuwa na harambee, ungeomba nini Septemba ijayo? Usiniletee jibu haraka. Tena kama ni ualimu, au uuguzi, au kweli ni udaktari, mradi liwe lako.

Sasa tuje kwa baba.

Unasema ukimwambia ukweli utamuua. Presha ni ugonjwa na sitaudharau. Ila nilijaribu kumtazama mtu huyo kupitia barua yako. Ni mtu aliyeuza ng'ombe wawili bila kukulaumu, anayepiga simu mbele ya wazee kwa sababu ana fahari, anayetaka kuuza minazi kwa ajili ya mtoto wa pili. Nauliza tu: ni habari ipi itakayompiga zaidi, kusikia leo kwamba binti yake hajaingia chuo ila yuko mzima na ana njia tatu, au kusikia baada ya mwaka, shamba limekwenda, na watoto wawili wako Ujerumani wakipigwa picha mbele ya jengo moja? Unamjua wewe, mimi simjui. Inawezekana anavunjika kirahisi kuliko ninavyodhani. Lakini inawezekana pia umeichukua hofu yako ukamvisha yeye.

Kusema kuna namna nyingi, na kila moja ina hatari zake.

Unaweza kumwambia habari za wakala tu: kwamba umegundua KCSE haiingizi mtu moja kwa moja, kwamba mdogo wako asubiri, kwamba Sperrkonto (ndilo jina la ile akaunti iliyofungwa, mtamkie hivyo hivyo) itahitaji fedha nyingi kuliko nusu shamba. Yote hayo ni kweli, na yanaweza kuzuia mauzo bila wewe kujivua nguo. Shida ni swali litakalofuata: "Mbona wewe uliingia?" Ukilijibu kwa uongo wa pili, huo utakuwa mkubwa kuliko wa kwanza, na utakuwa umeusema kwa makusudi, wakati ule wa kwanza ulikutoka kwa kushtukizwa.

Unaweza kuanza na mama, au na shangazi yako wa damu ambaye baba humsikiliza. Kwetu pwani mambo mazito hayaendi kwa mzee bila mtu wa kuyabeba. Ila chagua mtu mwenye kifua. Na mama umfikirie mara mbili: ukimpa siri hii akakaa nayo wiki tatu huku ile picha bado iko kwenye simu yake, umemfanya mshirika.

Au umwambie baba mwenyewe, bila spika, bila wazee. Mwombe kwanza: "Baba, nataka kuongea nawe peke yako." Hapo utakuwa umemkinga na aibu ya kusikia mbele ya watu, na nadhani aibu hiyo ndiyo unayoiita presha. Hatari yake ni kwamba anaweza kukata simu. Anaweza kukaa kimya wiki nzima. Utahitaji mtu wa karibu naye siku hiyo, wa kuangalia kama amemeza dawa.

Na unaweza kunyamaza mpaka upate nafasi ya Studienkolleg, ili "Nimeanza" igeuke kweli. Naielewa sana njia hii, mtu yeyote angeitamani. Tatizo lake ni kalenda tu. Jibu la chuo huenda lisije kabla ya Januari au Februari. Mnunuzi wa shamba anakuja mwezi ujao. Maombi ya chuo yakikukosa muhula huu kuna muhula mwingine, lakini mnazi ukishakatwa na mwenye kiwanja mpya huwezi kuomba tena mwaka ujao.

Kuhusu waliochanga, sina hakika wanakudai udaktari. Walimchangia mtoto wa kwao aende kusoma. Wako watakaosema, hasa yule aliyetoa hamsini. Mchungaji aliyekupa jina mbele ya watu pengine ndiye anayefaa kusaidia kulishusha, kama mna maelewano.

Wakala nimemwacha mwisho kwa sababu ananichosha. Tangu Kenya na Ujerumani zitie sahihi makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi Berlin, Septemba 2024, watu wa aina yake wamejaa kila mji, na kulikuwa na habari za maelfu ya nafasi ambazo serikali ya Ujerumani yenyewe ilisema hazimo kwenye makubaliano hayo. Baba atafute risiti zote alizopewa, na ujumbe wa M-Pesa, aziweke pamoja. Aulize kwa mamlaka ya ajira kama mtu huyo ameandikishwa. Siahidi kwamba pesa itarudi. Ila baba akiwa na risiti mkononi atakuwa na wa kumkasirikia ambaye si wewe, na hilo kwa mzazi aliyeshtuka si dogo.

Mdogo wako naye, usimsahau kama mtu. Anakaribia kuingia chumba cha mtihani akiamini B inatosha na dada yake ni ushahidi. Yumo katika vikundi vya mwisho vya KCSE, maana wa mwisho kabisa wanatarajiwa 2027. Akipata alama nzuri akaanza chuo hapa nyumbani, muda huo huo unaweza kuwa ngazi yake ya Ujerumani baadaye, bila minazi kuguswa. Wewe ndiye mtu pekee katika ukoo unayeweza kumweleza hilo kwa kulijua, na umelijua kwa gharama.

Ndiyo maana lile jina ulilojipa mwishoni silipendi. Ulidanganya, ndiyo, neno moja kisha picha moja. Lakini B1 si ya uongo, na saa zako thelathini kila wiki si za uongo, wala Oma.

Ile barua ya kurasa mbili unayo bado? Itafsiri. Usiitie Kiswahili cha shule, itie Kigiriama, ile lugha baba anayosalia. Anza na sentensi ya Studienkolleg, uone inavyosikika kwa lugha hiyo. Nimejaribu mwenyewe kwa lugha ya kwetu, na neno "kufeli" sikupata pa kuliweka. Kisha umpigie jioni, baada ya kumfunga Oma vifungo, saa ambayo baba ameshakula na wazee wameshakwenda zao.